Daftari la Zamu

Homa imempanda Baba, mara ya pili mwezi huu.
Akanipa tochi, filimbi, na daftari la mistari
lenye jalada la zambarau, twiga wake amefutika shingo.
"Andika saa, mahali, hali. Tia sahihi.
Ukisikia mtu anakuita kwa jina, usiitike.
Ukisikia mbuzi, ni wa Bi Arafa. Mfukuze."

Saa nne. Gereza.
Komeo limeota chumvi.
Pembe moja bahari ilikwisha kuila,
na mikoko imeshika lindo mbele ya ukuta
uliojengwa kuwatisha wenye merikebu.
Namulika tundu la mzinga: kaa katoka,
kanitazama, karudi ndani.
Naandika: shwari.

Saa tano na nusu. Msikiti Mkuu.
Niliingia na viatu, kisha nikavivua.
Sakafu bado ina joto la mchana.
Nikimulika nguzo, zinahama;
nikizima, zinarudi mahali pake.
Nilijaribu mara tatu. Ya nne niliona haya.
Shwari.

Msikiti Mdogo: kwenye kuba kuna vishimo vya duara
palipopachikwa bakuli za kaure
zilizovushwa bahari nzima
ili watu waziinulie macho tu, wasile humo chochote.
Bakuli hazipo. Popo wamepanga, hawalipi kodi.

Ng'ambo, Kilwa Masoko, taa nyekundu ya mnara wa simu
inapepesa kama mtu anayeshindana na usingizi.
Hapa mtandao unashika ukielekea kibla.
Mdogo wangu ameuliza: Unaogopa?
Nimemjibu: Naogopa mbu.

Nikafungua kurasa za nyuma, nipate mwandiko wa kuiga.
Miaka kumi na mmoja ya shwari.
Shwari ya masika, shwari ya mwezi mchanga,
shwari ya wino, na ya penseli wino ulipokwisha.
Halafu tarehe tisa, Mfungo Nane,
maana Baba haandiki Agosti:

*Saa nane. Husuni. Shwari.
Mama Somoe kazikwa leo alasiri.
Jiwe moja la ukingo limeanguka. Nimelirudisha.*

Nilikuwa na miaka sita.
Naukumbuka wali wa matanga, naukumbuka mkeka
na alama zake shavuni mwangu asubuhi.
Sikumbuki mtu kutoka mlangoni na tochi.

Saa nane. Husuni Kubwa.
Njia ni ndefu, majani yananilamba magoti.
Vyumba ni vingi kuliko nyumba za mtaa wetu,
vyote dari yake nyota,
na wanasema jumba lenyewe halikuisha kujengwa.
Fundi gani aliambiwa kesho usije?
Alikuwa ameshika nini mkononi?

Birika lina pembe nane. Nilizihesabu kwa kiganja,
na kwenye ya tano nikagusa manyoya.
Mbuzi wa Bi Arafa, kajilaza birikani mwa sultani,
anacheua taratibu,
macho yake mawili ya kijani yakiirudishia tochi mwanga wake.

Nikaweka filimbi mdomoni.
Nikaitoa.
Nikashuka, nikaketi karibu naye, ubavu wake una joto,
nikapapasa ukingo nikilitafuta jiwe la Baba,
lile lililorudishwa usiku ule.
Kila nililoligusa lilicheza kidogo.

Upepo ukapita. Kama kuna aliyeniita
alitumia jina ambalo sijapewa bado.

*Saa nane na robo. Birika.
Mbuzi mmoja. Sikumfukuza.
Mawe yapo.*
Nikatia sahihi, Somoe Mfaume Likwata,
herufi zikavuka mstari zikaingia saa tisa.

Asubuhi Baba aliketi kitandani, shuka mabegani,
akasoma ukurasa wangu, kidole kikifuata.
Akasoma tena.
Akauliza jambo moja tu:
"Alikuwa jike, au dume?"